Kikachi cha Gloriose

Gloriose alikuwa hajasoma hata kitabu kimoja cha binti yake, na jambo hilo alilificha kama mtu anavyoficha kidonda. Si kwamba herufi zilimshinda. Biblia alikuwa ameisoma yote, na Jumapili nyingi parokiani yeye ndiye aliyesoma somo la kwanza, kwa sauti iliyowafikia hata waliokosa viti wakasimama nje. Lakini vitabu vya Délice vilikaa juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma, naye alivipangusa vumbi bila kuvifungua.

Mtaa wao wa Rugenge, mjini Uvira, haukujua. Majirani walimwita Mama Zeba, kwa jina la msichana wa vitabuni, kana kwamba huyo naye alimbeba mgongoni. Wanafunzi waliokutana naye sokoni walimpokea mfuko wa ndagala, dagaa wa ziwani, wakatembea naye hatua chache, kisha wakamwuliza kwa adabu, macho yakiwaka, kitabu cha tatu kimefika wapi. Gloriose alijibu kwamba kinakuja. Kinatoka wapi na kinakwenda wapi, hakujua.

Délice alifundisha Kifaransa katika shule moja ya Kasenga. Mchana alirudi nyumbani akiwa na moto wa kuandika, akala alichokikuta, akaingia chumba cha mbele kilichokuwa duka la vitambaa la marehemu baba yake, akaandika mpaka mwanga wa dirishani ulipokwisha. Aliandikia vijana. Watu wazima wengi walimwambia kwamba vijana wa Uvira hawasomi, wana simu, na kwamba mji uliopita katika vita na mafuriko hauna nafasi ya hadithi za ajabu. Hakubishana nao. Kila Ijumaa aliwasomea wanafunzi wake sura moja, akakatia pale moyo unapoanza kudunda, mpaka hata mvua kubwa ya Ijumaa haikumzuia mtoto kufika darasani. Habari zikavuka mpaka, zikamfikia mzee Sévère, mchapishaji wa Bujumbura, naye akakubali kujaribu.

Ndivyo alivyozaliwa Zeba, msichana wa Kalundu mwenye vivuli viwili. Kivuli kimoja ni cha watu wa mama yake, watu wa milimani, kizito, kinachotulia pale anaposimama. Cha pili ni cha watu wa baba yake, waliokuja kutoka Uhindini ng'ambo ya bahari. Hicho kinamtangulia, kinapanda kuta, na jua likikaribia kuzama kinaota mabawa. Uhasama wa vivuli hivyo, na safari ya Zeba kuvipatanisha, ndiyo ilikuwa hadithi. Watoto wa Kasenga walitoka kwenda mapumziko wakapima vivuli vyao uwanjani. Msichana mmoja aliyekuwa na baba Mfuliiru na mama Mrundi alimwambia Délice kwamba tangu asome kitabu hicho hajaulizwa tena na moyo wake yeye ni wa nani. Délice alirudi nyumbani siku hiyo akashindwa kula.

Gloriose aliona yote hayo na akajivunia. Alikuwa mama; angewezaje kutojivunia? Kilichomtisha ni mtu ambaye Gloriose alijua yumo ndani ya kurasa hizo, mama mkwe wake, Nurbanu.

Gloriose alizaliwa Rurambo, juu ya bonde la Ruzizi, kwa watu wa ng'ombe na maharage. Aliteremka mjini akiwa msichana kujifunza kushona kwa masista. Sadru Jiwa, mwenye duka la vitambaa, alimwuzia uzi, kisha akamwuzia uzi mwingine ambao hakuuhitaji, na mwishowe wakaoana. Mama yake Sadru, aliyezaliwa nchi ya Kachi huko Uhindini na kuletwa bibi harusi kwa meli na treni mpaka ukingo wa ziwa hili, hakumtaka mkwe wa milimani. Hakumtukana. Alimsema mbele yake, kwa Kikachi, lugha ya kwao, kama watu wanavyosema habari za kiti mbele ya kiti.

Basi Gloriose akajifunza Kikachi. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa jikoni akakamata neno moja moja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika, mpaka siku moja sentensi nzima ikamwingia masikioni ikiwa na maana: mkono wa huyu kwenye chumvi ni mzito. Kesho yake alipunguza chumvi. Nurbanu akaonja, akaacha kutafuna, akamtazama kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo alianza kunong'ona.

Halafu miaka ikaja na mambo yake. Vita vilipofika, ndugu wa Sadru waliondoka, wengine Bujumbura, wengine mbali zaidi, Kanada. Sadru aliugua akafa, Délice akiwa mtoto wa shule ya msingi. Macho ya Nurbanu yakaingia ukungu, kisha Kiswahili chake kikamtoka kidogo kidogo, kama maji katika chungu chenye ufa, mpaka akabaki na Kikachi tu. Wajukuu wa Kanada waliomba wamchukue. Alikataa. Alisema atakaa hapa na yule wa milimani, kwa sababu yule wa milimani anamsikia anachosema.

Alasiri, mtoto akitoka shuleni, kikongwe alikaa juu ya mkeka na kusimulia. Délice alilala kifudifudi mbele yake, naye alimwita Dadima, yaani mama wa baba. Gloriose alikaa pembeni na ungo wake, akichambua maharage na kutafsiri. Kikachi kilitoka upande huu, Kiswahili kikatoka upande ule, na mtoto aliona ni hadithi moja yenye sauti mbili. Hakujifunza lugha ya bibi yake. Daraja likiwa zuri, nani ataogelea?

Kulikuwa na maneno ya Kikachi yasiyokuwa na wenzake katika Kiswahili. Pari, wale viumbe wa angani wenye mabawa, Gloriose hakutaka kuwaita majini asimtie mtoto woga, wala malaika asimuudhi padri. Akawaita watu wa upepo. Na kisima cha Kachi, kile kinachochimbwa kwa ngazi pana za mawe mpaka chini kwenye maji, kama nyumba iliyojengwa kichwa chini, alikiita kisima cha kushuka kwa miguu.

Nurbanu alifariki. Délice alikua, akasoma, akaandika. Na Gloriose akaviacha vitabu juu ya kabati, kwa sababu aliogopa mambo mawili yasiyopatana. Aliogopa kumkuta mama mkwe ametukuzwa humo na yeye mwenyewe hayupo. Na aliogopa kumkuta mama mkwe amefanywa mbaya, kwa kuwa wakati huo tayari alikuwa akimpenda.

Kitabu cha pili kilimwacha Zeba juu ya ngazi za kisima hicho, anatazama chini. Cha tatu ndicho kilikuwa cha mwisho, na Délice alikuwa amekwama. Gloriose alimsikia chumbani akitembea huku na huku. Karatasi zilizochanwa zilitoka kwa mafungu, zikawashiwa mbabula, jiko la makaa. Mzee Sévère alipiga simu, akaambiwa avumilie, na mara ya mwisho alipopiga Délice hakushika.

Ndipo mkuu wa shule, Mama Apolline, alipokuja mwenyewe mpaka Rugenge kumwalika Gloriose. Jumamosi Délice angewasomea wanafunzi wa shule mbalimbali ukumbini Kasenga, na ingekuwa aibu mama mzazi akose. Mtu akifunga safari hivyo hakataliwi. Gloriose alivaa kitenge chake cha Pasaka akaenda.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wapo waliokuwa wameshuka kutoka milimani tangu alfajiri, viatu mkononi. Délice alisimama bila kipaza sauti, maana umeme ulikuwa umekatika, akafungua kitabu cha pili akaanza kusoma mahali ambapo Zeba anafika kwenye mji wenye kiu.

Gloriose alisikiliza akiwa amekaza mabega. Kisha akasikia: kisima cha kushuka kwa miguu. Akasikia: watu wa upepo. Akasikia kwamba maji yalikuwa mbali "kama moto wa jirani mwenye kinyongo," na akakumbuka siku aliyosema hivyo, kwa kuwa Nurbanu alikuwa ametumia msemo wa Kikachi usiotafsirika, naye akaweka wa Rurambo mahali pake. Ukurasa ukafuata ukurasa. Kikongwe alikuwemo, ndiyo, mkali na mwenye fahari, kama alivyokuwa. Lakini sauti iliyomsimulia ilikuwa ya mwanamke anayechambua maharage. Binti yake alikuwa amehifadhi kila neno lake, akalitia humo zima zima, na vijana hawa wote walikuwa wamekaa kimya wakimsikiliza yeye, Gloriose, bila kumjua. Mabega yakamlegea. Alitafuta kitambaa cha mkononi hakukipata, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Baada ya kusoma yakaja maswali. Waliuliza kama Zeba ataolewa, kama kivuli kinaweza kufa. Kisha akasimama msichana mmoja wa Rurambo, Victoire, mrefu, mwenye sauti ya chini, akauliza kama hadithi ya kisima ilikuwa ya bibi yake mwalimu kweli, na kama ni hivyo, yule bibi aliimaliza namna gani.

Délice alifunga kitabu. Mwandishi mwingine angejificha nyuma ya maneno mazuri.

"Hakuimaliza," alisema. "Kila mara tukifika pale juu ya ngazi, naambiwa Dadima amechoka. Nimeandika mwisho wangu mara nyingi, na kila mara naona ni uongo. Na tena niwaambie kitu kingine. Minye sijue Kikachi. Dadima alisema, lakini mwenye alinipa hadithi ni mama yangu. Iko pale, ule wa kitenge cha bluu. Bila yeye sina kivuli cha pili."

Ukumbi mzima ukageuka. Gloriose alitamani sakafu ifunguke. Wanafunzi wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha wote, na Mama Apolline akamshika mkono akamwinua kama watu wanavyomwinua bibi harusi.

Walirudi nyumbani pamoja. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, na uani kwao maji yalikuwa yameingia. Walipita juu ya mawe yaliyopangwa mpaka barazani. Gloriose hakuingia kubadilisha nguo. Alivuta kiti, akamwambia binti yake naye akae.

"Dadima hakuchoka," alisema.

Akamweleza. Katika hadithi ya Nurbanu, mji wa nchi kavu ulichimba kisima, ngazi baada ya ngazi, na maji hayakuonekana. Mwishowe maji yenyewe yakatuma neno kutoka chini: tupeni bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali. Katika nyumba ya mwenye kisima alikuwepo mkwe mmoja tu. Wakamvisha dhahabu, wakamsimamisha juu ya ngazi, na mama wa mume ndiye aliyemsukuma kidogo mgongoni. Akashuka. Maji yakamjia kifundoni, yakamjia gotini, kiunoni, shingoni. Mji ukanywa. Nurbanu aliimaliza hivyo mara ya kwanza, kwa sauti kavu, macho yake yasiyoona yakiwa yameelekea upande wa ungo.

"Ningekuambia hiyo, mwanangu? Weye ulikuwa mudogo, unanitazama mdomo. Nikasema Dadima amechoka. Na kila mara alifika pale, nikasema hivyo hivyo. Yeye alisikia Kiswahili kimetoka kifupi. Alijua."

Délice alisogeza kiti chake karibu.

Gloriose akaendelea, sasa polepole. Siku za mwisho, mtoto akiwa shuleni, kikongwe aliuliza ni nani aliye chumbani. Akajibiwa kwamba ni Gloriose. Hapo bila kuombwa akaanza hadithi ya kisima, tangu mwanzo mpaka juu ya ngazi. Kisha akasema kwamba mama wa mume alimshika mkwe wake bega akamrudisha nyuma. Akauambia mji: maji yameomba bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali, mimi pia nililetwa kutoka mbali, na mimi nilifika kwanza. Akavua viatu vyake akashuka.

"Alisema hivyo," Gloriose alimaliza. "Nilikuwa na uji mkononi. Sikupata mtu wa kumtafsiria. Nikakaa nayo."

Maji ya ziwa yalipiga mawe ya uani. Délice alilia bila sauti, kama alivyolia utotoni. Alipoweza kusema aliomba kitu kimoja: mama amsimulie mwisho ule kwa Kikachi, kama ulivyotoka. Gloriose alikuwa hajaisema lugha ile tangu mazishi, kwa kuwa mjini hapakuwa na wa kusema naye. Alisafisha koo. Maneno yakaja yenyewe, na pamoja nayo vile vituo vya Nurbanu, kule kuvuta pumzi kwake, mpaka Délice akafumba macho akawa juu ya mkeka tena.

Aliomba ruhusa ya kuuandika. Gloriose alifikiri, akatoa sharti: asimfanye mama wa mume mtakatifu tangu mwanzo. Yule mwanamke alisukuma kwanza, ndipo akashuka. Asiyeandika kule kusukuma, na kule kushuka akuache. Délice aliahidi.

Majuma yaliyofuata hakutembea tena chumbani. Mama alimletea chai akamkuta ameinama, kalamu ikienda, na akasimama mlangoni kumtazama zaidi ya ilivyohitajika. Aliwahi kuwatazama mafundi wengi wazuri wakiwa kazini, na sista aliyemfundisha kukata nguo bila kupima alikuwa mmoja wao. Huyu wa kwake hakuwa chini yao. Sentensi isiyompendeza aliigeuza, akaisema kwa sauti, akaifuta, akaanza upya bila hasira, kama mtu mwenye muda wote wa dunia.

Sura ilipokamilika Délice aliileta barazani akasoma. Mama wa mume anasukuma. Mama wa mume anajuta, anamrudisha mkwe, anavua viatu, anashuka. Gloriose akatikisa kichwa kukubali. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mkwe akachukua taa, akashuka nyuma yake, akamshika mkono kwa sababu ngazi zilikuwa na giza na macho ya mzee yalikuwa na ukungu. Maji, yaliyoomba mmoja na sasa yanaona wawili, hayakujua la kufanya. Yakaona haya. Yakaanza kupanda ngazi yenyewe kuja kuwapokea.

"Haikuwa hivi," alisema Gloriose.

"Ile ya kwanza ni vile Dadima alisema, mama. Hii ni vile ilikuwa. Nani alimulisha? Nani alimuosha mpaka siku ya mwisho? Ulishuka naye. Minye nilikuona."

Gloriose akatafuta kosa. Akaonyesha uani, yale mawe na tope, akasema kwamba kwa mtu wa Uvira maji yanayopanda ngazi si habari njema hata kidogo, na kwamba wanafunzi wa Kavimvira waliohama nyumba zao kwa mafuriko watakitupa kitabu. Délice alimtazama, akaangua kicheko. Kisha akachukua kalamu, akaongeza palepale kwamba maji yalipanda mpaka ngazi ambapo wale wawili waliyaambia yasimame, na yakasimama. Akasoma tena. Mama akasema sasa sawa.

Juma lile lile Gloriose alivishusha vitabu kutoka juu ya kabati. Alivisoma vyote viwili barazani, mchana, watu wakimwona.

Mzee Sévère hakukawia kukichapa cha tatu, na wakaalikwa Bujumbura kukizindua. Foleni ilikuwa ndefu: wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka, wazazi, na katikati yao mwanamke wa Kihindi mzee sana, mmoja wa wachache waliobaki mjini humo, aliyeletwa na dereva wake. Alipofika mezani hakutoa kitabu kisainiwe. Alimshika Délice shavu, akamwuliza jambo kwa Kikachi.

Délice aliinuka kwa heshima. Alieleza kwa Kiswahili kwamba anasikitika, lugha hiyo hana. Uso wa mwanamke ukafifia kidogo, naye akaanza kuondoka.

Gloriose, aliyekuwa amekaa nyuma na mkoba wa binti yake magotini, akamjibu. Alimjibu swali lenyewe, kwamba ndiyo, huyu ni mjukuu wa Nurbanu Jiwa, na kwamba Nurbanu alikufa kitandani mwake bila maumivu. Mwanamke aligeuka taratibu. Alimtazama Gloriose juu mpaka chini, kitenge chake, uso wake wa milimani, akaketi kwenye kiti alichopewa bila kukiangalia. Wakaanza kuzungumza. Walizungumza habari za Nurbanu, ukali wake, embe zake za achari ambazo hakumpa mtu siri yake, jinsi alivyoimba vibaya. Mwanamke alicheka mpaka akashika ubavu. Foleni ilizunguka kiti chake ikaendelea, na Délice aliandika jina lake ndani ya kitabu baada ya kitabu huku sikio moja likiwa kule, kwa maneno asiyoyaelewa.

Mwishowe mwanamke akasema kwamba Kikachi hiki kizuri cha zamani hajakisikia tangu mama yake afe; watoto wa siku hizi wanakivunja. Akauliza kijiji chao huko Kachi ni kipi.

"Rurambo," alisema Gloriose.

Mwanamke alikunja uso, akatafuta kumbukumbuni, akauliza kama kiko upande wa bahari au upande wa jangwa. Gloriose akamwelekeza dirishani. Siku ilikuwa safi baada ya mvua, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira ilisimama wazi yote, mpaka mashamba yake ya juu yakaonekana.